Sura ya Tisa: Shangazi Asilale

Shangazi wa mwanamke niliyetaka kumwoa alikubali kuja kunisikiliza kwa sharti moja, na sharti lenyewe alilitoa huku akinimiminia chai, kwa sauti ileile ya kumkumbusha mgeni avue viatu. Akilala, hakuna ndoa.

"Nakupa saa moja," alisema. "Nikisinzia humo ndani, basi umejijibu mwenyewe."

Kwa mwanamume mwingine hilo ni sharti la kuchekea. Mimi ni dijei, lakini si dijei wa kurusha watu. Muziki wangu ni ule wa taratibu: vinanda vya mbali, maji, mtu anayevumisha sauti bila maneno, ngoma moja inayopita kama mgeni asiyetaka kusumbua. Kila Jumapili kuanzia saa tisa alasiri napiga kwenye kitalu cha maua. Watu wanatandika mikeka kati ya vyungu, wanajinyoosha, na nikiifanya kazi yangu sawasawa, ndani ya dakika ishirini unamsikia wa kwanza anakoroma. Ndiyo maana wananiita Polepole. Kwa hiyo Shangazi alikuwa ananiambia hivi: nikifanya vizuri, nimeshindwa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, sebuleni kwake, mimi nimekaa kwenye ukingo wa kochi na kitambaa cha kufuma kinaniteleza mgongoni kila nikivuta pumzi. Nilikuwa nimeanza kwa adabu zote. "Shikamoo, Shangazi." Akaniitikia marahaba, halafu akaongeza kwamba shangazi wa nani, hilo tutaliona.

Mwanamke huyu alifundisha watu kupiga taipu kwa miaka thelathini na moja. Bado anakaa wima kana kwamba kuna karatasi mbele yake. Ndiye aliyemlea Fundi wangu tangu ana miaka sita, akamsomesha, akamnunulia sanduku la kwanza la vifaa, na Fundi alishaniambia wazi kwamba bila Shangazi yeye haendi popote. Nami nina miaka arobaini na tatu, nimeshaoa mara moja na kuachwa mara moja, na sikuwa na hamu ya kushindwa mtihani mwingine.

Aliniuliza muziki wangu unakwenda kwa mwendo gani. Nikamwambia mapigo sitini kwa dakika, na nikichangamka sana, sabini na mbili. Akafumba macho, akapiga hesabu.

"Mapigo sitini ya kidole," alisema, "ni maneno kumi na mawili. Mtu wa maneno kumi na mawili kwa dakika mimi sikumruhusu kugusa mashine. Alikuwa anafuta ubao."

Nikanywa chai. Ilikuwa ya moto mno, nikaimeza hivyohivyo, machozi yakanitoka, na nadhani aliyachukulia kama majuto.

Sasa nikueleze Fundi ni nani, maana bila yeye mambo haya yote ni kelele tu. Ni fundi wa piano. Anazunguka mashuleni, makanisani na kwenye nyumba za watu na begi lake la spana, anakaza nyaya zilizolegea mpaka piano irudi kwenye akili yake. Miezi minane iliyopita alikuja pale kitaluni kununua ua la chungu, la kuwekwa kwenye chumba cha mteja mmoja ambaye hewa ya kwake ni kavu hadi inaharibu piano. Mimi nilikuwa napiga. Akasimama karibu na spika na uso wa mtu aliyesikia harufu ya gesi. Akaegemeza kichwa kushoto, akafumba jicho moja kama anayetunga uzi kwenye sindano, kisha akaja moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Samahani," alisema. "Huo unaoingia umeuharakisha. Kama asilimia tatu. Umepanda robo sauti, na huu mwingine haujapanda. Wanagombana."

Nikatazama kioo cha mashine. Asilimia tatu nukta moja.

Kuna watu wanapendana kwa sababu ya macho, wengine nyonga. Mimi nilimpenda kwa hiyo nukta moja. Nilimtazama yule mwanamke mfupi mwenye vumbi la piano kwenye nyusi, nikasahau kabisa kwamba nyimbo mbili bado zinagombana kwenye spika, na yeye akanikumbusha, na tangu siku hiyo kila Jumapili alikuwa anakuja, ananunua ua. Hadi sasa chumba chake hakina pa kukaa.

Yeye ana masikio, mimi nina mpangilio. Nilianza kazi hii kwa kufuata gurudumu la funguo, na sioni aibu kusema. Ufunguo ni ile sauti ambayo wimbo unaiona kama nyumbani, ile do yake. Gurudumu limechorwa kama uso wa saa, namba kumi na mbili, kila namba na mapacha wake wawili, mmoja mwenye furaha na mwingine mwenye huzuni. Wimbo wa namba nane unaelewana na wa saba na wa tisa, na unaelewana na pacha wake. Ukiuchanganya na wa upande wa pili wa saa, zinaingiliana kama watu wawili wanaosalimiana kwa pamoja, kila mmoja akijiitikia mwenyewe. Na kwenye muziki wa haraka, ngoma inaweza kuficha ugomvi huo. Kwenye wangu hakuna pa kujificha. Wimbo mmoja unachukua dakika tatu kuingia kwenye mwingine, na dakika tatu za ugomvi ni ndefu, muulize mtu yeyote aliyeoa.

Basi kwa ajili ya Shangazi nilinunua daftari jipya. Nikaorodhesha nyimbo kumi na tatu, kila mmoja na ufunguo wake na mapigo yake. Naanza na sitini, moyo wa mtu aliyetulia, napanda kidogo kidogo, nafika sabini na mbili, nashuka. Nilitaka Shangazi asichoke na pia asishtuke, awe macho kidogo tu, kama mtu anayesikiliza umbea wa maana.

Jumatano jioni nilimwita Fundi aje kulitazama. Alilipekua lile daftari ukurasa kwa ukurasa, halafu akasema nimepanga kama mtu anayehamisha jokofu. Akaniomba nifunge kompyuta nichanganye nyimbo mbili kwa masikio, pale pale, asikie. Nikakataa. Nilimwambia Jumapili si siku ya majaribio, na mashine yangu ina kitufe cha kulinganisha mwendo: ukikibonyeza, wimbo unaoingia unachukua mwendo wa ule unaotoka, bila ubishi.

"Na mashine ikikosea?"

"Haikosei."

"Polepole, mimi kila siku nakaza kitu ambacho mtu aliniambia hakikosei."

Nikasema neno ambalo hadi leo najuta. Nilimwambia kwamba labda yeye hana haraka Shangazi akubali. Fundi hakupaza sauti. Alifunga zipu ya begi lake, akahakikisha imefika mwisho, akatoka. Siku nne hakupokea simu yangu, na mimi nilimpigia kwa mapigo zaidi ya sabini na mbili.

Jumapili ilifika na jua zuri. Niliwahi kitaluni, nikapanga meza yangu kwenye kivuli cha wavu, spika mbili nyuma ya vyungu vya majani marefu, nikafuta vumbi mara tatu. Mwenye kitalu, bwana mmoja mpole ambaye watu wanamwita Miche, alinizunguka akimwagilia, akaniuliza mbona nimevaa shati la kuzikia. Nikamwambia nategemea mkwe. Akapunguza maji.

Saa tisa kasoro dakika tano Shangazi aliingia. Alikuja na kiti chake mwenyewe, cha kukunja, cha mgongo mgumu, maana mkeka ni wa wagonjwa. Alivaa miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye nywele. Nyuma yake alikuwa Fundi. Alinipa salamu ya mkono kama tunaosalimiana benki, akakaa chini pembeni ya kiti cha Shangazi, akaweka mikono magotini. Hakunitazama. Mimi nilimtazama kiasi cha kutosha wawili.

Watu kama thelathini walikuwa wameshajinyoosha. Shangazi aliwakagua mkeka kwa mkeka, akamwinamia Fundi, akauliza kwa sauti ambayo ilifika hadi kwangu kama hawa wote wameshapelekwa hospitali.

Nikaanza.

Sijisifu, lakini dakika thelathini za kwanza nilipiga kama sijawahi. Sitini. Sitini na mbili, ufunguo namba nane kuingia namba nane, pacha mwenye huzuni akimpisha mwenye furaha. Sitini na nne, namba tisa. Hakuna aliyesikia mlango ukifunguka wala ukifungwa. Mwenye kitalu mwenyewe aliacha kumwagilia, akakaa juu ya mfuko wa mbolea, akabaki na mpira mkononi, maji yanamwagikia viatu. Nilimwona Fundi ameegemeza kichwa kushoto. Jicho moja limefumba. Kwenye wimbo wa nne, ulipoingia, akatikisa kichwa kidogo sana, ile ya kukubali, halafu akakumbuka kwamba amenikasirikia, akakitengeneza kitambaa chake cha shingoni.

Ndipo nilipomtazama Shangazi.

Kidevu kilikuwa kinashuka. Kinashuka, kinashtuka, kinarudi juu, kinashuka tena, na kila kikirudi kilikuwa kinarudi chini kidogo kuliko mwanzo. Nikaangalia saa. Zimebaki dakika ishirini na tano. Nikajua ninachotazama: nilikuwa nimepiga vizuri mno.

Nilifikiria kuweka kitu cha kumshtua. Nilikuwa nacho, wimbo wa mapigo mia moja na kumi, wa kuamsha hata vyungu. Lakini pale mbele yangu alikuwepo mama mmoja muuguzi anayetoka zamu moja kwa moja kila Jumapili, hana pengine pa kulala bila kuitwa, na mdomo wake ulikuwa wazi kama mtoto. Nikasema siwezi kumwamsha huyu kwa sababu mimi nataka kuoa. Nikaendelea polepole. Mkono wangu ukachagua wimbo wa sita, ila macho yangu yote yalikuwa kwenye kile kidevu.

Sasa kosa ni hili, na wenzangu wa kazi hii watanielewa, wengine mnivumilie. Mashine inahesabu mapigo ya wimbo yenyewe. Ikikutana na wimbo wa taratibu wenye midundo midogo midogo ya gitaa katikati ya mapigo, inahesabu na ile midundo. Wimbo wa sabini inauandika mia na arobaini. Wimbo wangu wa tano ulikuwa hivyo. Na mimi nilikuwa nimeligundua hilo wiki mbili kabla, na nilikuwa nimelisahihisha, kwa kalamu nyekundu, nikapiga na mstari chini. Nilisahihisha kwenye daftari. Mashine haisomi daftari.

Wimbo wa tano ulikuwa unatoka. Wa sita ukawa unaingia: mapigo sabini, mama mmoja anavumisha sauti juu ya vinanda virefu, sauti nzito ya kubembelezea. Nikabonyeza kitufe cha kulinganisha. Mashine ikaona wa kutoka ni mia na arobaini, ikaupeleka wa kuingia mia na arobaini, kama ilivyoagizwa, bila ubishi. Na kwa kuwa mimi huwa siifungi sauti nikibadilisha mwendo, wimbo ukikimbia sauti inapanda nao, kama kaseti iliyoshikwa na wazimu.

Yule mama wa kubembeleza akawa mbu aliyesomea muziki.

Vinanda vikawa vinakimbia kama kuku wamefunguliwa. Ndege niliowaweka nyuma, wale wa kuleta amani, wakaanza kugombana. Mkeka wa kwanza ukainuka, wa pili, mtu mmoja akashika viatu vya mwenzake. Muuguzi akakaa wima, bado yuko usingizini, akauliza mgonjwa yuko kitanda gani. Mwenye kitalu akajimwagia maji kifuani.

Na mimi, mtu mzima, dijei mwenye miaka ishirini na mbili kazini, sikuigusa mashine. Niligeuka nikamtafuta Fundi.

Alikuwa ameshasimama. Aliruka mikeka miwili, akazunguka meza, akasimama bega kwa bega na mimi, na hayo ndiyo yakawa maneno yake ya kwanza baada ya siku nne.

"Umepanda oktava kamili," alinong'ona. "Do ya chini hadi do ya juu. Angalau hukutoka kwenye ufunguo."

Nilitaka kucheka na kulia. Nikamwambia wimbo unaotoka una sekunde arobaini tu, ukiisha hatuna kitu zaidi ya mbu. Nikiushusha huu mwingine kwa mkono utapita kwenye kila sauti iliyoumbwa na kila mtu atasikia.

"Unayo mvua?"

Ninayo. Kila dijei wa muziki huu anayo mvua ya kurekodi.

"Iweke. Mvua haina ufunguo."

Nikaiweka mvua kwenye njia ya tatu, yeye mwenyewe akaipandisha, taratibu, kidole kimoja. Ikatanda juu ya kitalu chote, ikamfunika mbu, ikawafunika kuku, na wimbo wa tano ukaishia humo ndani bila kuaga. Watu wakaanza kulala tena. Isipokuwa bwana mmoja wa mkeka wa nyuma, huyo alinyanyuka akakimbia kwenda kufunga vioo vya gari.

Kisha Fundi akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Hedifoni zilikuwa kichwani mwangu. Akazivuta upande mmoja, akauweka sikioni mwake. Waya ni mfupi. Shavu lake likawa hapa na langu hapa, katikati labda pangepita karatasi moja ya Shangazi. Jua lilikuwa limepiga kioo, sioni namba hata moja, na hata ningeziona nisingezisoma.

"Fumba macho," alisema. "Nitakushikia do."

Akaanza kuvuma, chini kabisa, ile do ya wimbo uliokwisha, aliyoiweka kichwani mwake kama mtu anayekushikia nafasi kwenye foleni. Nami nikashika kile kidude cha mwendo nikakishusha. Sikioni mwangu yule mbu akaanza kukua. Akawa mtoto. Akawa msichana mwenye mafua.

"Bado," alisema, akaendelea kuvuma. "Bado. Bado... Umepita. Rudi. Nusu ya unywele."

Nikarudi. Sauti mbili, ya kwenye hedifoni na ya kwake, zilikuwa zinatetemeka zikipishana, ule mtetemo ambao mafundi wa piano wanauwinda maisha yao yote. Ukawa wa haraka. Ukawa wa taratibu. Ukalala.

"Hapo," alisema, na mkono wake ukawa juu ya mkono wangu, na hakuuondoa mara moja.

Tukaishusha mvua pamoja. Ndani yake akatokea yule mama wa kubembeleza, mzito, mtulivu, kana kwamba alikuwepo muda wote anasubiri mvua ikatike. Mikeka yote ililala. Fundi akavua hedifoni, nywele zimekaa vibaya upande mmoja, na akanitazama, mara ya kwanza siku hiyo, sawasawa usoni. Nikamwambia naomba radhi kwa neno la Jumatano. Akasema ameshalisikia, na kwamba lilikuwa limetoka nje ya ufunguo, lakini kidogo.

Hapo ndipo nikaona kidole cha Shangazi. Kilikuwa kinaniita.

Wimbo wa sita ni wa dakika kumi na moja, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kwenda kuuawa na kurudi. Nikapita kati ya mikeka, Fundi nyuma yangu. Shangazi alikuwa wima kama rula. Miwani yote miwili ilikuwa puani, mmoja juu ya mwingine.

"Nimesikia kiraka," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Kikubwa."

"Kikubwa, Shangazi."

"Na usije ukamwambia mtu kwamba nilikuwa nimelala. Nilifumba macho ili nisikie."

Nikasema nilijua hivyo. Fundi akageuka kuangalia vyungu. Shangazi akakunja mikono, akanikagua kuanzia shati la kuzikia hadi viatu, na moyo wangu ukaacha kabisa habari za sitini.

"Watu wanadhani mwalimu wa taipu anatazama vidole," alisema. "Vidole vina kazi yake. Miaka thelathini na moja mimi nilitazama macho. Nasimama pale mbele, naangalia nani anachungulia chini. Sasa pale kulipochafuka, wewe ulitazama wapi?"

Nikataka kusema mashine, maana ndiyo ingesikika kama jibu la mtu mwenye kazi. Akaninyooshea kidole kabla sijafungua mdomo.

"Ulimtazama huyu. Kitu kinapiga kelele mbele yako, wewe umegeuza shingo yote. Na huyu naye alikuwa ameshanyanyuka kabla hujageuka. Mimi nilikuwa na miwani." Akauvua ule mmoja, akaurudisha kwenye nywele. "Muziki wako siupendi. Sijui unaanzia wapi wala unaishia wapi. Lakini mimi nimekubali."

Nikakamata chungu cha karibu. Kilikuwa cha mmea wa miiba. Nikashukuru huku nimekishika, nikasema asante Shangazi mara nyingi kuliko inavyotakiwa, nikamwahidi kila kitu, hadi kumtengenezea dari.

Alinisubiri nimalize. Kisha akauliza, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake:

"Na yeye, anasemaje?"

"Nani?"

"Anayeolewa."

Nikarudi nyuma mwezi kwa mwezi, miezi yote minane, nikitafuta ile siku. Nilikuwa nimeuliza kuhusu Shangazi anapenda nini. Nimeuliza anaamka saa ngapi, anakunywa chai ya namna gani, viatu nivue wapi. Fundi aliposema bila Shangazi haendi popote, mimi nikalichukua hilo kama jibu, nikakimbilia kununua daftari. Swali lenyewe sikuwahi kuliuliza. Nilimgeukia Fundi, na nikaona kwenye uso wake kwamba yeye alikuwa akilijua hilo siku zote, na alikuwa amekaa nalo kimya, wiki baada ya wiki, akinunua maua.

Sikupiga magoti, palikuwa na maji ya mwenye kitalu. Nilisimama tu, miiba kiganjani, nikamwambia hivi: "Fundi, nilikuwa naomba kwa watu wote isipokuwa wewe. Utanioa... nisamehe. Utakubali nikuoe?"

Akaegemeza kichwa kushoto, akafumba jicho moja.

"Wimbo bado unapiga," alisema. "Sisi mafundi wa piano hatusemi kitu mpaka waya unyamaze. Ukisema kabla, unakosea. Subiri uishe."

Zilikuwa zimebaki dakika saba. Mimi ndiye niliyeuchagua wimbo huo, kwa hiari yangu, kwa sababu ya urefu wake. Tukasimama. Yule mama akavumisha, akapumzika, akavumisha tena, vinanda vikaja kwa zamu, kila kimoja kikichukua muda wake kama kinalipwa kwa saa. Shangazi alitazama saa ya mkononi. Mimi nilitazama unywele mmoja wa Fundi uliokaa vibaya, nikajifunza dakika saba ni nini.

Kinanda cha mwisho kikaanza kufifia. Kila kitu ndani yangu kiliniambia rudi mezani, maana kwa dijei hakuna aibu kubwa kuliko kimya. Wimbo unaotoka haujaisha, wa kuingia uwe umeshaingia. Miaka ishirini na mbili sijawahi kuacha hata nukta moja ya ukimya kati ya wimbo na wimbo. Nilihesabu hatua hadi kwenye mashine. Kumi na moja. Bado ningewahi.

Sikwenda.

Kinanda kikanyamaza. Kikaja kimya ambacho hakijawahi kusikika pale kitaluni siku ya Jumapili, kikubwa, unasikia tone la maji likidondoka kwenye chungu. Kwenye mkeka wa mbele yule muuguzi akainua kichwa, akauliza kama muziki umekwisha.

"Lala, mwanangu," Shangazi alimwambia. "Kuna mtu anajibu."

Fundi akafungua lile jicho.

"Nakubali," alisema.